Samuel Morse, mchoraji aliyeufanya umeme ubebe habari

Na Mwandishi Wetu

NENO simu lilitumika katika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya watu kuanza kuzungumza kwa njia ya simu. Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na kwa vizazi vilivyotutangulia kupeleka simu kulimaanisha kupeleka ujumbe mfupi wa maandishi kwa njia ya telegrafu. Ujumbe huo ulisafiri ukiwa umegeuzwa kuwa nukta na vistari, alama ambazo hadi leo zinaitwa kwa jina la mtu mmoja, Samuel Finley Breese Morse wa Marekani.

Morse hakuwa mwanafizikia wala fundi wa mitambo. Alikuwa mchoraji wa picha za watu, na alipoanza kushughulika na umeme kwa dhati alikwisha kuvuka umri wa miaka 40. Maisha yake yanafaa kusimuliwa upya wakati huu ambao nchi nyingi, ikiwamo Tanzania, zinapanua miundombinu ya mawasiliano, kwa sababu alikumbana mapema na maswali ambayo bado yako mezani: nani anastahili kumiliki ugunduzi, nani abebe gharama za kujenga njia za mawasiliano, na je, habari inayofika upesi ni lazima iwe ya kuaminika?

Utoto na masomo

Morse alizaliwa tarehe 27 Aprili, 1791 katika mji wa Charlestown, jimbo la Massachusetts. Baba yake, Jedidiah Morse, alikuwa mchungaji na mwandishi wa vitabu vya jiografia vilivyosomwa sana katika shule za Marekani. Kijana huyo alisoma katika Chuo cha Yale na kuhitimu mwaka 1810. Akiwa huko alihudhuria mihadhara ya Benjamin Silliman na Jeremiah Day kuhusu umeme, lakini moyo wake ulikuwa katika sanaa, na alipata fedha za matumizi kwa kuchora picha ndogo za wanafunzi wenzake na walimu.

Mwaka 1811 alisafiri kwenda Uingereza pamoja na mchoraji Washington Allston, akajiunga na Chuo cha Kifalme cha Sanaa jijini London. Kwa sanamu yake ya shujaa Hercules akikata roho alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 1813. Alirejea nyumbani mwaka 1815 akiwa na matumaini ya kuchora picha kubwa za historia, lakini Wamarekani wa wakati huo walitaka kuchorwa wao wenyewe, na kwa bei nafuu. Morse alizunguka kutoka mji hadi mji akitafuta wateja. Mwaka 1818 alimwoa Lucretia Pickering Walker wa Concord, New Hampshire, wakajaliwa watoto watatu.

Barua iliyochelewa

Mwanzoni mwa mwaka 1825 Morse alipata kazi aliyoisubiri kwa miaka mingi. Jiji la New York lilimpa jukumu la kumchora Jenerali Lafayette, Mfaransa aliyeshiriki vita vya uhuru wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa katika ziara ya kitaifa. Morse alikwenda Washington kumchora, akimwacha mkewe mjini New Haven, ambako alikuwa amejifungua mtoto wao wa tatu wiki chache tu kabla.

Tarehe 7 Februari, Lucretia alifariki dunia ghafla akiwa na umri wa miaka 25. Kesho yake mkwe wake, Jedidiah, aliandika barua kumpa mwanawe taarifa ya msiba. Barua ilisafiri kwa kasi ya farasi. Wakati iko njiani, Morse, akiwa hajui lolote, alikuwa akimwandikia mkewe barua ya kumweleza jinsi alivyokutana na Lafayette. Taarifa ya msiba ilimfikia tarehe 11. Aliacha kazi na kuanza safari ya siku kadhaa kuelekea kaskazini, lakini alipofika New Haven mkewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

Masimulizi mengi humaliza jambo hili haraka kwa kusema kwamba uchungu wa siku hizo ndio uliozaa telegrafu. Mfuatano wa matukio hauungi mkono maelezo mepesi namna hiyo, kwani kati ya msiba huo na wazo la telegrafu ilipita miaka zaidi ya saba, ambayo Morse aliitumia kuchora, kuongoza Chuo cha Taifa cha Sanaa za Uchoraji alichokianzisha na wenzake mwaka 1826, na kusafiri Ulaya. Kilicho wazi ni kwamba msiba huo ulionyesha hali iliyowakabili watu wote wa zama hizo, tajiri kwa maskini: kwa kawaida habari haikuweza kumpita farasi au meli iliyoibeba.

Mazungumzo ndani ya meli

Mwezi Oktoba 1832 Morse alipanda meli iliyoitwa Sully katika bandari ya Le Havre, Ufaransa, akirejea New York. Miongoni mwa abiria alikuwamo daktari Charles Thomas Jackson, aliyekuwa ameona majaribio ya umeme na sumaku huko Paris. Mazungumzo mezani yaligusa jinsi umeme unavyopita katika waya mrefu papo hapo. Morse akahitimisha kwamba, ikiwa uwepo wa umeme unaweza kuonekana mahali popote kwenye waya, basi habari nayo inaweza kupelekwa kwa njia hiyo. Alishuka melini akiwa na daftari lililojaa michoro ya mtambo.

Wakati huo hakujua kwamba wengine walikuwa mbele yake. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark alikuwa ameonyesha kwamba mkondo wa umeme huisukuma sindano ya dira. Mwaka 1831 Joseph Henry, mwalimu huko Albany, New York, aliweza kugonga kengele kwa umeme uliopita katika waya wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Nchini Uingereza, William Cooke na Charles Wheatstone walipata hataza ya telegrafu ya sindano mwaka 1837.

Morse aliteuliwa kuwa profesa wa uchoraji katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha New York. Aliishi na kufanya kazi katika vyumba vya chuo, akiwa na fedha kidogo, huku watoto wake wakilelewa na ndugu. Mtambo wake wa kwanza, alioutengeneza kufikia mwaka 1835, ulifungwa kwenye fremu ya mbao ya kutandazia turubai la kuchorea. Mchoraji alitumia vifaa alivyokuwa navyo.

Jinsi mtambo ulivyofanya kazi

Kanuni yake inaweza kueleweka bila hesabu ngumu. Waya ukizungushwa kwenye kipande cha chuma na kupitishwa umeme, chuma hicho hugeuka sumaku. Umeme ukikatwa, usumaku hutoweka. Mtu aliye upande mmoja wa laini akifunga na kufungua njia ya umeme, sumaku iliyo upande wa pili huvuta na kuachia mkono mdogo wa chuma. Mkono huo huweka alama kwenye ukanda wa karatasi unaosogea: umeme ukipita kwa muda mfupi huandikwa nukta, ukipita kwa muda mrefu zaidi huandikwa kistari.

Kikwazo kilikuwa umbali. Mtambo wa Morse ulifanya kazi kwenye waya wa mita chache tu, kisha umeme ukadhoofu. Mtaalamu wa kemia chuoni hapo, Leonard Gale, ndiye aliyemwonyesha kasoro. Gale alikuwa amesoma maandishi ya Henry, akamshauri Morse atumie betri yenye seli nyingi badala ya moja, na kuzungusha waya mara nyingi zaidi kwenye sumaku. Baada ya marekebisho hayo ujumbe ulipita katika waya wa takriban kilomita 16. Hatua iliyofuata ilikuwa kuweka vituo vya kati, ambamo umeme uliokwisha kudhoofika ulitosha tu kufunga njia ya betri mpya, nayo ikausukuma ujumbe mbele kwa nguvu kamili. Kwa njia hiyo umbali haukuwa tena na ukomo wa kiufundi.

Mshirika wa tatu alikuwa Alfred Vail, kijana fundi ambaye familia yake ilimiliki kiwanda cha chuma cha Speedwell huko Morristown, New Jersey. Mwaka 1837 Vail aliingia mkataba wa kutengeneza mitambo kwa gharama zake, naye apate sehemu ya hisa. Mikononi mwake fremu ya turubai iligeuka kuwa mashine imara ya shaba na chuma. Januari 1838 mtambo huo ulionyeshwa kiwandani humo kwa waya wa takriban kilomita tatu.

Alama zenyewe nazo zilibadilika. Mwanzoni Morse alipanga kutuma namba, na mpokeaji atafute katika kamusi neno linalowakilishwa na kila namba. Mfumo huo uliachwa, zikatumika herufi. Herufi zinazotumika mara nyingi zilipewa alama fupi: E ikawa nukta moja, T kistari kimoja. Mpangilio huo ulipimwa kwa Kiingereza. Katika Kiswahili herufi inayorudiwa kuliko zote ni A, ambayo ni nukta na kistari, huku K na W, zinazojaa katika viambishi vyetu, zikihitaji alama tatu kila moja. Hii ina maana kwamba mtumaji wa Kiswahili alifanya kazi kwa kipimo kilichokatwa kwa lugha nyingine, hali ambayo watengenezaji wa programu za lugha zetu wanaifahamu vyema hata sasa.

Miaka ya kusubiri serikali

Mwaka 1838 Morse aliupeleka mtambo Washington. Mwenyekiti wa kamati ya biashara ya Bunge, Francis O. J. Smith, aliupenda, akapendekeza Serikali itoe dola 30,000 kwa ajili ya laini ya majaribio. Wakati huohuo Smith alijiunga kwa siri na Morse kama mbia. Mgongano huo wa maslahi ulikuwa doa tangu mwanzo, na miaka ya baadaye Smith alimletea Morse kesi na usumbufu mwingi. Hata hivyo fedha hazikutoka, kwa kuwa nchi ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1837.

Morse alikwenda Ulaya kutafuta hataza. Uingereza ilimkatalia, na Ufaransa ikampa hataza isiyomletea faida. Jijini Paris alikutana na Louis Daguerre, aliyekuwa amevumbua njia ya kupata picha kwa mwanga. Aliporejea New York mwaka 1839 Morse alianza kupiga na kufundisha upigaji picha, na miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwamo Mathew Brady, ambaye baadaye alijulikana kwa picha za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hataza ya Marekani ya telegrafu aliipata mwaka 1840.

Mwaka 1842 alijaribu kupitisha waya chini ya maji katika bandari ya New York, lakini meli iliukata ilipokuwa ikipandisha nanga. Mwishoni mwa mwaka huo alirudi Washington na kutandika waya kati ya vyumba viwili vya kamati za Bunge ili wabunge wajionee wenyewe. Katika mjadala, mbunge Cave Johnson wa Tennessee alifanya mzaha kwa kupendekeza kwamba nusu ya fedha zitumike kuchunguza usingizi wa kiini macho. Februari 1843 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada kwa kura 89 dhidi ya 83, na wajumbe wengi hawakupiga kura kabisa. Seneti iliupitisha tarehe 3 Machi, siku ya mwisho ya kikao. Kwa masimulizi ya Morse, alikuwa ameondoka ukumbini akiwa amekata tamaa, na habari njema aliletewa asubuhi na Annie Ellsworth, binti wa Kamishna wa Hataza. Alimwahidi kwamba yeye ndiye atakayechagua ujumbe wa kwanza.

Kutoka mabomba hadi nguzo

Laini ilipangwa kuunganisha Washington na Baltimore, umbali wa zaidi ya kilomita 60, kando ya reli. Morse aliamua waya uzikwe ardhini ndani ya mabomba ya risasi. Ezra Cornell, aliyetengeneza plau ya kuchimba mtaro na kufukia bomba kwa wakati mmoja, alipewa usimamizi wa kazi. Baada ya kilomita kadhaa ilibainika kwamba kihami cha nyaya kilikuwa kibovu na umeme ulikuwa ukivuja. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekwisha kutumika. Kwa masimulizi ya Cornell mwenyewe, aliigonganisha plau na jiwe kwa makusudi ili ivunjike, na magazeti yakaandika kwamba kazi imesimama kwa ajali, siyo kwa kosa la usanifu.

Kazi ilianza upya kwa njia rahisi zaidi: nyaya kutundikwa kwenye nguzo za miti zenye vihami vya kioo. Cornell alitajirika kwa telegrafu na mwaka 1865 akaanzisha chuo kikuu kinachobeba jina lake.

Tarehe 1 Mei, 1844, kabla laini haijakamilika, chama cha Whig kilikutana Baltimore kuteua mgombea urais. Waya ulikuwa umefika Annapolis Junction tu. Treni kutoka Baltimore ilipopita hapo, Vail alipata jina la mteule, Henry Clay, akalituma kwa waya. Washington ilipata habari kabla ya treni kuwasili. Tarehe 24 Mei, Morse akiwa katika chumba cha Mahakama ya Juu ndani ya jengo la Bunge, alimtumia Vail aliyekuwa Baltimore ujumbe wa kwanza rasmi, mstari wa Biblia kutoka kitabu cha Hesabu aliouchagua Annie Ellsworth.

Siku chache baadaye likatokea jambo ambalo wanahabari wanapaswa kulikumbuka zaidi kuliko ujumbe huo. Chama cha Democratic, kikikutana Baltimore, kilimteua Seneta Silas Wright kuwa mgombea wa umakamu wa rais. Wright alikuwa Washington. Taarifa ikapelekwa kwa waya, na jibu likarudi kwa waya kwamba anakataa. Wajumbe hawakuamini. Walituma watu kwenda Washington kumwuliza Wright mwenyewe, na waliporudi walithibitisha kwamba waya ulisema kweli. Mashine ilikuwa imeshinda umbali, lakini imani ya watu bado ilisafiri kwa miguu.

Telegrafu ya umma au ya watu binafsi?

Morse aliitaka Serikali ya Marekani inunue haki zake kwa dola 100,000 na kuifanya telegrafu huduma ya umma kama posta. Laini ya Baltimore ilikabidhiwa kwa Idara ya Posta mwaka 1845, na Waziri wa Posta wakati huo alikuwa Cave Johnson, yuleyule aliyeifanyia mzaha. Sasa alionya kwamba ni hatari chombo chenye nguvu kiasi hicho kuachwa mikononi mwa watu binafsi, ingawa pia alitia shaka kama mapato yake yangeweza kulipia gharama. Bunge halikununua. Telegrafu ya Marekani ikaenda kwa kampuni binafsi, tofauti na nchi nyingi za Ulaya ambako ilibaki chini ya serikali.

Mtandao ulikua kwa kasi. Mwaka 1846 magazeti ya New York yalianzisha ushirika wa kugawana gharama za habari, ambao ndio shirika la habari la Associated Press. Mwaka 1861 waya ulifika California, na siku mbili baadaye huduma ya wapanda farasi wabeba barua ya Pony Express ikafungwa.

Utajiri ulipokuja, kesi nazo zilikuja. Jackson, yule daktari wa melini, alidai wazo lilikuwa lake. Henry O'Reilly, aliyejenga laini za magharibi, alipinga hataza. Shauri lao lilifika Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 1854. Mahakama ilitambua kwamba Morse ndiye mvumbuzi wa mtambo wake, lakini ilikataa dai lake la nane, ambalo alitaka kumiliki kila matumizi ya nguvu ya umeme na sumaku kuandika kwa mbali, hata kwa mitambo ambayo bado haijabuniwa. Kwa hukumu hiyo, mtu anaweza kumiliki chombo alichokibuni, lakini hawezi kumiliki kanuni ya maumbile. Mwongozo huo bado hurejewa na wanasheria wa hataza, ikiwamo katika mabishano ya programu za kompyuta.

Kesi hizo ziliharibu uhusiano wa Morse na Joseph Henry, ambaye utafiti wake ulikuwa msingi wa mtambo. Henry, wakati huo akiongoza Taasisi ya Smithsonian, alieleza mahakamani kile ambacho sayansi ilikwisha kukijua kabla ya Morse. Morse akajibu mwaka 1855 kwa chapisho la kumshambulia. Taasisi ya Smithsonian ilichunguza suala hilo na kumtetea Henry. Vail naye aliacha telegrafu mwaka 1848 akilalamikia malipo duni, akafariki mwaka 1859. Wapo wanaoamini kwamba mchango wake katika kupanga alama ulikuwa mkubwa kuliko alivyotambuliwa.

Upande mwingine wa Morse

Maisha yake hayawezi kuelezwa kwa haki bila kutaja misimamo yake ya kisiasa. Katika miaka ya 1830 Morse aliandika makala kali dhidi ya wahamiaji Wakatoliki, na mwaka 1836 akagombea umeya wa New York kwa jukwaa la kupinga wageni, akashindwa vibaya. Baya zaidi, alitetea utumwa wa Waafrika. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, alichapisha maandishi ya kudai kwamba utumwa una kibali cha Mungu. Mtu aliyewapa wanadamu njia ya kusikilizana kutoka mbali alishindwa kusikia kilio cha watu waliokuwa karibu naye.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kulizingatia hilo. Mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar ulitiwa saini na Sultan Barghash Juni 1873, mwaka mmoja tu baada ya Morse kufariki. Miaka sita baadaye kazi ya Morse ilifika kisiwani humo.

Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana. Kwa kuwa Afrika Kusini haikuwa imeunganishwa na telegrafu ya dunia, habari hiyo ilifika London baada ya takriban wiki tatu. Uingereza ikaharakisha kutandika waya wa chini ya bahari kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban, uliokamilika mwishoni mwa mwaka huohuo. Zanzibar ikaingia katika mtandao wa dunia. Waya huo haukuwekwa kwa manufaa ya wenyeji; uliwekwa ili watawala waamuru majeshi na wafanyabiashara wajue bei. Lakini chombo kikishafika hakibaki kwa aliyekileta. Miongo ya baadaye telegramu iliingia katika maisha ya wananchi wa kawaida. Hadi enzi za Shirika la Posta na Simu, malipo yalihesabiwa kwa neno, hivyo watu walijifunza kufupisha, na telegramu iliyotua mlangoni bila kutarajiwa mara nyingi ilikuwa ya msiba, ikiwawahisha ndugu wa mbali kabla ya maziko.

Heshima za mwisho

Morse alioa tena mwaka 1848. Mke wake, Sarah Elizabeth Griswold, alikuwa na ulemavu wa kusikia, nao wakajaliwa watoto wanne. Waliishi Locust Grove, karibu na Poughkeepsie, New York. Mwaka 1858 mataifa kadhaa ya Ulaya yalimchangia faranga 400,000 kwa kutambua matumizi ya mtambo wake. Mwaka 1865 nchi zilizokutana Paris zilianzisha umoja ambao leo ni Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, na alama za Morse, zikiwa zimerekebishwa na Wajerumani, zikawa za kimataifa.

Tarehe 10 Juni, 1871 wahudumu wa telegrafu walizindua sanamu yake katika bustani ya Central Park. Jioni hiyo, katika ukumbi uliofurika, salamu zake za kuaga zilitumwa katika nyaya za nchi nzima, na mzee huyo wa miaka 80 akaguswa kuketi kwenye mtambo na kugonga jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Alifariki New York tarehe 2 Aprili, 1872 na kuzikwa katika makaburi ya Green-Wood, Brooklyn.

Jina la Henry limebaki katika fizikia kama kipimo cha kimataifa, jina la Vail linajulikana na wachache, na la Morse linajulikana na wote. Mgawanyo huo wa sifa haulingani na mgawanyo wa kazi, na ndivyo ilivyo kwa uvumbuzi mwingi unaohusishwa na mtu mmoja.

Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosambaza huduma mikoani, inatumia mwanga badala ya umeme, na alama mbili za kidijiti badala ya nukta na kistari. Msingi ni uleule: lugha yote ya binadamu kupunguzwa hadi kuwa alama mbili na kutumwa mbali kufumba na kufumbua. Kazi ya kuthibitisha kilichotumwa, ambayo wajumbe wa Baltimore waliifanya mwaka 1844 kwa kupeleka watu kumwuliza mhusika, bado haijapata mashine ya kuifanya kwa niaba yetu.